Kuitazama bunduki ya viasi kwa jicho la fundi mashua

Mara ya kwanza niliposimama mbele ya bunduki ya Martini-Henry katika jumba la makumbusho, nilipiga picha kumi na tisa. Nilipofika nyumbani Bodo, pwani ya kusini ya Kenya, nikazifungua, na kila moja ilikuwa na kofia yangu, simu yangu na taa ya dari. Bunduki ilibaki nyuma ya kioo, sikurudi nayo hata kipande.

Mara ya pili nilikwenda bila haraka, nikaitazama kama babu alivyokuwa akiitazama mashua ya mtu mwingine. Babu alikuwa akiunda mashua hapa hapa, karibu na zinapoondokea boti za kisiwa cha Funzi. Chombo cha mwenzake kikivutwa pwani, hakujali rangi wala jina lililochorwa omoni. Aliinama akapitisha ukucha kwenye maungio ya mbao. Ukucha ukizama, alinyamaza. Usipozama, aliuliza ni nani aliyeunda.

Basi anza hapo, kwenye maungio. Kitako cha Martini ni kipande kimoja cha mjozi, na ubao ulio chini ya mtutu ni kipande kingine. Katikati yao limekaa sanduku la chuma lenye mtambo. Kitako kimeshikwa na skrubu moja ndefu inayopita ndani yake kutoka nyuma mpaka kwenye sanduku. Tazama ubao unapokutana na chuma. Ukiwa bado uko sawasawa na chuma, au umepanda juu yake kidogo, huenda haukuguswa tangu kiwandani. Ukiona chuma kimetokeza na mbao imeshuka, ujue kuna mtu aliyepitisha msasa ili ing'ae, na kwa mng'ao huo ameondoa nusu ya habari. Mimi hilo huniudhi kuliko kutu.

Sasa mtambo, na hapa usiwe na haraka. Wazee wetu walikuwa na jina kwa kila hatua ya silaha hizi: bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi, gumegume, ya jiwe la kiberiti, na gobori, unayoimiminia baruti mdomoni ukaishindilia kwa mdeki. Kisha ikaja bunduki ya viasi, ambayo risasi na baruti yake vimo katika ganda moja, na unaijaza kwa nyuma. Tofauti hiyo iliwatisha wakubwa wa dunia. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulibana uingizaji wa bunduki za viasi katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu ziliachiwa mwanya.

Kujaza kwa nyuma maana yake ni kuuweka mlango mahali penye mlipuko. Kila fundi alikuwa na jibu lake. Jacob Snider, Mmarekani, alichukua wazo la bei nafuu: magobori ya Enfield yaliyokuwapo yakakatwa nyuma, yakapachikwa kijimlango chenye bawaba kinachofunguka kwa kulia. Ukiona nyundo ya nje ubavuni, kama ya gobori, na kijimlango hicho, hiyo ni Snider. Ganda tupu unalivuta nyuma kwa mkono, halafu unaipindua bunduki lidondoke. Sultani Barghash alipounda jeshi jipya Zanzibar chini ya afisa Mwingereza, Lloyd Mathews, mwaka 1877, Snider ndizo walizopewa na Waingereza.

Martini haina nyundo ya nje. Nyuma ya kifyatulio pana wenzo mrefu. Ukiushusha, gogo la chuma lililoshikwa na pini moja kwa nyuma linainamisha uso wake, ganda tupu linarushwa nje, na sindano ya kupigia fataki inajitega humo humo ndani. Kazi tatu kwa mvuto mmoja. Asili yake ni hataza ya Henry Peabody wa Boston ya 1862. Friedrich von Martini, aliyefanya kazi Uswisi, akaondoa nyundo. Alexander Henry wa Edinburgh akatoa mtutu wenye mifuo saba. Jeshi la Uingereza liliipokea 1871. Risasi yake ya gramu 31 ilikuwa na nguvu, ila maganda ya mwanzo yalikuwa ya karatasi nyembamba ya shaba iliyoviringwa, na bunduki ikipata moto yalinasa. Mtambo mzuri, ganda baya.

Wajerumani, waliotawala hapo ng'ambo ya Vanga, walitumia komeo. Mauser ya 1871 inafungwa kama mlango wa nyumba: sukuma mbele, pindua. Askari wao wengi walikuwa bado nayo mwaka 1914, na moshi wa baruti yake nyeusi uliwafichua. Januari 1915 walipigana na Waingereza pale Jasin, mwendo mfupi tu kutoka mpakani.

Mihuri iache mwisho. Ubavuni kulia mwa Martini utaona taji, herufi V.R. za Malkia Victoria, jina la kiwanda kama Enfield, na mwaka. Watu hukimbilia hapo, na waghushi wanajua. Mafundi wa Khyber Pass, kati ya Pakistan na Afghanistan, walinakili Martini kwa mikono hadi mihuri, mara nyingine wakaigonga N kinyumenyume. Mishale miwili iliyogusana vichwa ni alama kwamba jeshi limeiuza.

Nyumba ya Mbaruk bin Rashid, kiongozi wa Wamazrui, bado ipo Gazi, jirani yetu, na masimulizi ya vita vyake na Waingereza vya 1895 na 1896 hayaishi barazani. Kwa hiyo kila mara huniandikia mtu kwamba ameona bunduki ya zamani darini kwa mjomba wake. Usiiguse, usijaribu wenzo. Inaweza kuwa na kiasi ndani, na sheria ya silaha haiulizi umri wake kwanza. Mwite chifu au polisi.

Kuhusu picha: vaa nguo nyeusi, vua kofia, zima mwanga wa simu, kisha igusishe simu yenyewe kwenye kioo na uinamishe kidogo.

Ndivyo nilivyofanya mara ya tatu. Ile Martini ilikuwa imeonyeshwa wenzo ukiwa chini, kwa hiyo mgongo wa gogo ulionekana, nao umechimbwa mfereji laini, upana wa dole gumba, ili kiasi kiteleze ndani bila kutafutwa. Nilipiga magoti kwa muda mpaka mlinzi akaja kuniuliza nimedondosha nini. Nikamwonyesha. Akavua kofia, akapiga magoti naye.