Kona na Saa

Katika mji wa Cardiff, nchi ya Wales, alikuwako kijana jina lake Jann Mardenborough. Kijana huyu alipenda sana mbio za motakaa, lakini mbio za namna hiyo zataka fedha nyingi, naye hakuwa nazo. Basi alikuwa akikaa chumbani mwake akicheza mchezo wa kompyuta uitwao Gran Turismo, ambao Mjapani Kazunori Yamauchi na wenzake waliutoa mwaka 1997. Mwaka 2011, alipokuwa na umri wa miaka 19, yalifanywa mashindano ya mchezo huo, na makumi ya maelfu ya watu wakaingia. Zawadi ya mshindi ilikuwa kufundishwa kuendesha motakaa ya mbio iliyo ya kweli. Mardenborough akashinda.

Hata Juni 2013 alikuwa Le Mans, Ufaransa, katika mbio za saa 24, akiendesha kwa zamu pamoja na wenzake wawili, nao wakawa wa tatu katika daraja lao. Mmoja wa hao wawili, Mhispania Lucas Ordóñez, alikuwa ameingia kwa mlango ule ule wa mchezo mwaka 2008.

Mtu aweza kuuliza, Je, mchezo wa kukaa kitini wamfundisha mtu nini? Wamfundisha jambo moja ambalo watu wengi hawalisadiki mpaka waonyeshwe kwa saa, yaani ya kuwa kwenda polepole mahali panapofaa ndiko kunakopunguza muda wa mzunguko.

Mchezaji huketi mbele ya kioo, ameshika usukani wa kuchezea, na miguuni pake pana makanyagio ya mafuta na ya breki. Kompyuta hupiga hesabu ya uzito wa gari, na nguvu ya injini, na jinsi magurudumu yanavyoshika barabara. Kila mzunguko ukiisha, muda wake huandikwa hata sehemu za elfu za sekunde. Mchezaji mgeni hudhani ya kuwa wa kwanza ni yule akanyagaye mafuta zaidi ya wenzake. Kwa hiyo huijia kona kwa kasi yote, na breki huikanyaga kwa kuchelewa. Magurudumu hulia, na gari huenda majanini. Hata likibaki barabarani, pua yake yaelekea ukingoni, naye hana budi kungoja kabla ya kukanyaga mafuta tena.

Sasa tutazame kona moja ya Le Mans, iitwayo Tertre Rouge. Mzunguko wote wa huko ni kilometa 13.626, wala kona hiyo si ndefu. Lakini ikiisha tu, barabara hunyoka kwa kilometa sita hivi, ila tangu mwaka 1990 imekatwa kwa vizuizi viwili vya kupindapinda. Atokaye Tertre Rouge kwa unyonge huchukua unyonge wake mbali sana. Tuseme madereva wawili wanatoka hapo. Wa kwanza, katika mita 1,000 zinazofuata, mwendo wake wa wastani ni mita 50 kwa sekunde. Atatumia sekunde 20. Wa pili mwendo wake ni mita 51 kwa sekunde. Atatumia sekunde 19.6. Huyu wa pili aliwahi kushika breki, akapoteza labda sehemu moja ya kumi ya sekunde mlangoni mwa kona, lakini gari lake lilikuwa limekwisha kunyoka mapema, akakanyaga mafuta mwenziwe angali akipigana na usukani. Ametoa moja akapata nne. Wanafunzi na waipige hesabu hii wenyewe.

Sababu yake imo katika gurudumu. Mpira wa gurudumu una nguvu moja tu ya kushika ardhi, na nguvu hiyo hugawanywa. Mtu aliyejitwisha gunia zito, akiongezewa na mtungi wa maji, ataangusha kimoja au vyote viwili. Vivyo hivyo gurudumu: likitumia nguvu zake zote kusimamisha gari, halina nguvu iliyobaki ya kulipinda. Kwa hiyo dereva mwema hukanyaga breki kwa nguvu wakati gari lingali limenyoka, kisha huiachia kidogo kidogo kadiri anavyozungusha usukani. Akiiachia kwa ghafula, uzito huondoka magurudumu ya mbele na gari hukataa kupinda.

Tena yafaa kuipanua kona. Dereva huingia akiwa ukingo wa nje, hugusa ukingo wa ndani, kisha huliachia gari lirudi nje. Hivyo njia yake huwa duara kubwa zaidi. Nguvu ya magurudumu ikiwa ile ile, duara lililo kubwa mara nne hupitwa kwa kasi mara mbili. Na macho yatangulie. Anayetazama pua ya gari lake amechelewa sikuzote.

Katika kujizoeza, wengi huharibu kazi kwa kubadili mambo matatu kwa mara moja: breki, na njia, na matengenezo ya gari. Muda ukipungua hawajui sababu yake. Afadhali mtu apite mizunguko kumi inayolingana, ingawa ni ya polepole, kisha abadili jambo moja tu katika kona moja. Mchezo huweza kuuhifadhi mzunguko bora na kuuonyesha mbele yake kama kivuli cha gari, naye huona wazi mahali kivuli kinapomwacha. Mara nyingi si pale alipodhani.

Lakini kuna jambo moja ambalo mchezo haulifundishi vema. Gari likipinduka kiooni, mtu hubonyeza kitufe akaanza upya. Machi 2015, katika njia ya Nürburgring, Ujerumani, gari la Mardenborough liliinuka hewani barabarani, likavuka uzio, na mtazamaji mmoja akafa. Sinema iliyotolewa mwaka 2023 juu ya maisha yake imeiweka ajali hiyo kabla ya ushindi wa Le Mans, sivyo ilivyokuwa. Ilikuja nyuma yake, karibu miaka miwili. Naye mwenyewe alipelekwa hospitali, akapona, na Juni ya mwaka uo huo akarudi Le Mans, akaipita tena Tertre Rouge.