Kuchagua Mashine ya Kunakili Funguo: Somo kwa Fundi wa Kijijini

Katika kata ya Dutumi wilayani Kibaha, na katika vijiji jirani vya upande wa Kisarawe, mali nyingi ya umma na ya watu binafsi hulindwa kwa kufuli au kitasa. Ghala la ushirika, kabati la dawa la zahanati, ofisi ya kijiji, duka, pikipiki ya abiria: kila kimoja kina ufunguo wake. Ufunguo wa pekee unapopotea, mwenye mali huwa na njia mbili tu, ama kuvunja kufuli, ama kusafiri hadi Mlandizi au Dar es Salaam kumtafuta fundi. Ndiyo sababu kijana mwenye ustadi wa mikono anaweza kupata riziki ya halali kijijini kwa kazi ya kuchonga funguo. Hata hivyo, mashine ya kazi hii hununuliwa kwa akiba ya muda mrefu au kwa mkopo wa kikundi, na fundi akikosea kuichagua, deni hubaki hata baada ya wateja kumkimbia. Makala haya yanaeleza kanuni za kisayansi zitakazomsaidia kuchagua.

Kitasa hufanyaje kazi?

Hatuwezi kupima ubora wa mashine kabla ya kujua ufunguo unatakiwa ufanye nini. Zamani wazee wa pwani walifunga milango kwa komeo la mti. Siku hizi tunakutana zaidi na aina mbili za vitasa.

Aina ya kwanza ni kitasa cha pini, kilichopewa umbo lake la kisasa na Mmarekani Linus Yale mdogo kwa hataza zake za mwaka 1861 na 1865. Ndani yake mna mcheduara unaozunguka, wenye matundu yaliyopangwa mstari mmoja. Katika kila tundu mna pini mbili, moja juu ya nyingine, zikisukumwa na springi. Ufunguo sahihi ukiingia, kila pini ya chini huinuliwa kwa kiasi ambacho mpaka wake na pini ya juu unalingana barabara na ukingo wa mcheduara. Hapo mcheduara huweza kuzunguka. Pengo la ufunguo likichongwa kwa kina kupita kiasi, pini ya juu huuziba mpaka huo. Likichongwa kwa kina kidogo mno, pini ya chini ndiyo huuziba. Makufuli mengi yenye ufunguo bapa hufuata kanuni hii.

Aina ya pili ni kitasa cha wenzo, kilichobuniwa Uingereza na Robert Barron mwaka 1778 na kuendelezwa na wengine. Ufunguo wake una shina la mviringo na ulimi wenye meno mwishoni. Ukizungushwa, meno huinua mabamba ya ndani hadi kimo maalumu ili ulimi wa kitasa upite. Vitasa vya namna hii ni vya kawaida katika milango ya mbao ya nyumba, shule na ofisi.

Umuhimu wa vipimo

Tuchukue kitasa cha pini 5 ambacho kila pengo la ufunguo wake laweza kuwa na kina kimoja kati ya 6. Idadi ya funguo zinazowezekana ni 6 × 6 × 6 × 6 × 6, yaani 7,776, ingawa baadhi yake hazifai kutumika. Usalama wa mlango umo katika tofauti hizo ndogo za kina. Je, ni ndogo kiasi gani? Katika vitasa vya Kwikset vya Marekani, tofauti ya hatua moja ya kina na inayofuata ni inchi 0.023, yaani milimita 0.58. Katika vile vya Schlage ni inchi 0.015, yaani milimita 0.38 tu.

Sasa tuseme mashine ina kasoro ya kuchonga milimita 0.1 zaidi ya inavyotakiwa. Nakala ya kwanza huenda ikafungua mlango, pengine kwa kutikiswa kidogo. Mteja akiipoteza ile asili na kuleta nakala inakiliwe, kosa litakuwa milimita 0.2. Nakala ya nakala hiyo itakuwa na kosa la milimita 0.3, ambalo linakaribia hatua nzima ya Schlage. Kosa la mashine isiyorekebishwa hujirudia upande ule ule na kurundikana kila ufunguo unaponakiliwa upya. Mwenye mlango hulaumu kitasa, kumbe ugonjwa umetoka katika mashine.

Sehemu za mashine

Mashine ya kawaida ya kunakili funguo bapa ina sehemu kuu nne. Kwanza, kuna majiliwa mawili madogo: moja hushika ufunguo wa asili, la pili hushika ufunguo usiochongwa. Pili, kuna kitoroli ambacho juu yake majiliwa yote mawili yamefungwa ili yatembee pamoja. Tatu, kuna ncha ya kufuatisha, isiyozunguka, ambayo hugusa mapengo ya ufunguo wa asili. Nne, kuna gurudumu la kukatia lenye meno, linalozungushwa na mota au kwa mkono. Ncha ikishuka katika pengo la ufunguo wa asili, gurudumu hukata pengo la kina kile kile katika ufunguo mpya.

Kutokana na maelezo haya, mambo matatu yanadhihirika. Umbo la ncha lazima lifanane na umbo la ukingo wa gurudumu. Ncha nene haitafika chini ya pengo jembamba. Kitoroli kisiwe na mchezo, kwa kuwa kikiyumba, kina nacho kitayumba. Kadhalika, funguo zote mbili lazima zipangwe kwa mabega yake, au kwa ncha zake kama hazina mabega. Mahali ambapo pengo lina mteremko wa nyuzi 45, ufunguo ukisogea pembeni kwa milimita 0.2, kina nacho kitakosewa kwa milimita 0.2.

Mashine ipi kwa kazi ipi?

Mashine ya funguo bapa hufaa kwa makufuli, vitasa vya silinda, na funguo nyingi za pikipiki zilizochongwa kingoni. Haifai kwa funguo za wenzo. Hizo huhitaji mashine yenye gurudumu jembamba la ukingo wa mraba na majiliwa ya kushika shina. Zipo pia mashine zilizounganisha kazi zote mbili. Funguo za vishimo, ambazo alama zake zimo ubavuni mwa bapa, huhitaji mashine ya namna ya tatu, ambayo chombo chake cha kukata husimama wima kama kekee. Funguo za magari zenye kifaa cha elektroniki ndani haziwezi kukamilishwa kwa kuchonga peke yake, hata mashine iwe bora namna gani.

Kwa hiyo fundi asianze na duka la mashine, bali aanze na daftari. Kwa muda wa mwezi mmoja au miwili aandike ni funguo za aina gani watu wa kijiji chake wanazihitaji: ngapi za makufuli, ngapi za wenzo, ngapi za pikipiki. Ikiwa katika kila funguo 10 zipo 7 bapa na 3 za wenzo, mashine ya kuunganisha yafaa kufikiriwa. Ikiwa za vishimo hazifiki hata moja katika 20, fedha ya mashine ya wima ni afadhali inunulie akiba ya funguo zisizochongwa, kwa maana mashine bila funguo hizo ni sawa na cherehani bila uzi.

Gurudumu na madini ya ufunguo

Funguo nyingi bapa hutengenezwa kwa shaba ya manjano, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki, ambayo hukatika kwa urahisi. Nyingine, hasa za wenzo, ni za chuma. Kasi ya ukingo wa gurudumu hupatikana kwa kuzidisha 3.14 kwa kipenyo na kwa idadi ya mizunguko. Gurudumu la kipenyo cha milimita 80, likizunguka mara 1,400 kwa dakika, lina kasi ya karibu mita 5.9 kwa sekunde ukingoni. Kasi hiyo huvumilika kwa shaba, lakini katika chuma hutoa joto jingi na kuyafanya meno yawe butu upesi. Anayetarajia kukata funguo nyingi za chuma atafute mashine yenye kasi mbili, au gurudumu la kabaidi, ambalo ni gumu zaidi ingawa bei yake ni kubwa. Na kabla ya kulipa, aulize kama magurudumu ya badala yanapatikana nchini. Mashine nzuri isiyo na vipuri ni pambo la dukani.

Umeme

Mota ya mashine hizi huwa ndogo. Tukichukua ya wati 180, ikifanya kazi dakika 40 kwa siku, itatumia uniti 0.12 tu za umeme. Gharama ya umeme basi si hoja kubwa. Hoja ni nguvu ya msukumo wa umeme. Nchini kwetu msukumo wa kawaida ni volti 230, lakini mwishoni mwa laini ndefu ya kijijini huweza kushuka. Nguvu ya kuzungusha ya mota ya kawaida ya aina ya indaksheni hufuata mraba wa volti. Volti zikishuka hadi 184, yaani asilimia 80, nguvu hiyo hubaki asilimia 64 tu. Gurudumu hukwama ndani ya ufunguo na mota hupata moto. Mahali pa namna hiyo fundi atafute mota yenye akiba ya nguvu, au mashine inayoweza pia kuzungushwa kwa mkono.

Mtihani kabla ya kulipa

Mnunuzi aende dukani na kufuli jipya lenye ufunguo wake wa asili, funguo tatu zisizochongwa za aina hiyo, na kalipa. Afanye hivi:

1. Akishike kitoroli na kukitikisa. Kikicheza mkononi, aiache mashine hiyo.

2. Afunge funguo mbili zisizochongwa zinazofanana katika majiliwa yote mawili. Mota ikiwa imezimwa, ncha ikigusa ufunguo mmoja, gurudumu likizungushwa kwa mkono liuguse wa pili kidogo tu. Pasipo hivyo, ncha irekebishwe kwa skrubu yake. Mashine isiyokuwa na skrubu hiyo haifai.

3. Anakili ufunguo wa asili, kisha anakili nakala, kisha anakili nakala ya nakala. Ufunguo wa tatu aujaribu katika kufuli. Ukifungua bila kutikiswa, mashine imefaulu, kwa sababu kosa lililokuzwa mara tatu bado ni dogo. Kwa uhakika zaidi apime kina cha mapengo kwa kalipa na kulinganisha.

Mtihani huu hauhitaji kitabu wala cheti, nao hufichua kasoro ambayo rangi mpya ya mashine huificha. Hata baada ya kununua, hatua ya pili irudiwe kila juma na kila gurudumu linapobadilishwa.

Hesabu ya mtaji

Bei ya mashine igawanywe kwa faida halisi ya kila ufunguo baada ya kutoa gharama zote. Kwa mfano tu, mashine ya shilingi 600,000 na faida ya shilingi 1,000 kwa ufunguo yataka funguo 600 kabla ya mtaji kurudi. Kwa wastani wa funguo 2 kwa siku, hizo ni siku 300 za kazi. Ikiwa mkopo unadaiwa kwa miezi sita, hesabu hiyo imekwisha kumwonya fundi.

Afya na uaminifu

Vumbi la kukatia huruka kwa kasi, basi miwani ya kukinga macho ni ya lazima. Shaba ya funguo mara nyingi huwa na risasi kidogo. Fundi anawe mikono kabla ya kula, wala watoto wasichezee unga huo.

Mwisho, mashine hunakili ufunguo wowote inaopewa. Haijui aliyeuleta ni mtunza ghala au ni mwizi wa ghala. Ufunguo wa ofisi, zahanati au chama cha ushirika usinakiliwe bila idhini ya maandishi ya wahusika, na fundi aweke daftari la kazi hizo. Usahihi wa mashine hupimwa kwa kalipa, lakini usalama wa kabati la dawa la kijiji utategemea pia mtu aliyesimama nyuma ya mashine hiyo.