Somo la Wiki: Tuangike Paneli, Tumsikie Bibi

 

Muhula huu tunarekodi hadithi za wazee wetu. Mzee akisimulia ndani ya chumba chenye mwangwi, miisho ya maneno hupotea. Kwa Kiswahili hiyo ni hasara kubwa: "alimpiga" na "alimpigia" hutofautiana kwa irabu moja tu!

Kwa nini chumba huharibu sauti?
Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Ikigonga ukuta mtupu, hurudi. Katika chumba cha mita 3, huenda na kurudi kabla ya sehemu 2 za mia za sekunde kupita. Sikio haliwahi kuzitenga sauti hizo mbili, kwa hiyo maneno huvurugika. Jaribu: piga kofi moja chumbani. Ukisikia mlio kama wa bati, kuta zinarudisha sauti.

Paneli hufyonza sauti hiyo. Ni fremu ya mbao iliyojazwa pamba ya madini, ile inayowekwa darini kuzuia baridi, na kufunikwa kitambaa kinachopitisha hewa. Unene wa sentimita 5 hadi 10 unafaa. Sponji nyembamba hufyonza sauti nyembamba tu. Sauti nzito hubaki ikivuma.

Hatua
1. Mketishe mzee, kisha weka maikrofoni mbele yake.
2. Paneli ya kwanza iwe ukutani nyuma ya mzee, kwani upande huo ndio maikrofoni inauelekea.
3. Paneli mbili ziwe kulia na kushoto kwake, usawa wa mdomo.
4. Watoto wapime kwa futi kamba na pima maji. Mtu mzima ndiye atoboe ukuta, akishahakikisha hapapiti waya wala bomba.
5. Acheni nafasi ya sentimita chache kati ya paneli na ukuta. Hewa hiyo husaidia kufyonza sauti nzito.

Tahadhari ya muuguzi
Pamba ya madini huwasha ngozi na koo: vaeni glavu na barakoa. Msitumie sponji ya godoro kuukuu; hushika moto upesi na moshi wake ni sumu. Paneli zikae mbali na hita.

Na jueni kwamba paneli haizuii sauti kwenda kwa jirani. Aliyetoka zamu ya usiku bado atawasikia, kwa hiyo chagueni saa nzuri.

Kama hamna paneli, angikeni blanketi zito nyuma ya mzee, au mrekodi karibu na kabati la nguo lililo wazi.

Sarufi: kufanya na kufanyua
- angika – angua
- bandika – bandua
- chomeka – chomoa

Anayeishi nyumba ya kupanga aangike, asibandike. Gundi ikibanduliwa, hubandua na rangi, na mwenye nyumba atadai!

Kazi ya nyumbani
1. Tunga sentensi moja kwa kila kitenzi hapo juu.
2. Mrekodi mzee akisimulia jambo lile lile mara mbili: kwanza bila paneli wala blanketi, kisha navyo. Andika maneno 5 uliyoyasikia vizuri mara ya pili tu. Muulize mzee maana yake, uje nayo Jumamosi.