Injini Kuukuu ya Dizeli kwenye Boti: Mwongozo kwa Wamiliki wa Munanila na Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Kijitabu hiki ni cha nani?

Munanila iko milimani, lakini maisha ya huku yanagusana na ziwa: mahindi na maharage hushuka Kigoma, dagaa na migebuka hupanda. Anayetaka kununua boti, peke yake au kwa ubia, huenda akakutana na injini ya dizeli iliyofanya kazi miaka mingi, pengine kwenye lori au mashine ya kusaga. Kama umewahi kuendesha mashine ya kusaga, nusu ya kazi unaijua. Kijitabu hiki kinaeleza nusu iliyobaki.

Shika neno moja: injini ya dizeli haifi kwa umri. Inauawa na uchafu, joto na oili chakavu, na vyote vitatu hutoa dalili mapema.

Funzo la Liemba

Meli ya Liemba ilijengwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916, wakati wa vita, Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe, lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, mitambo ya mvuke ikakutwa bado inafaa. Ilirudi kazini mwaka 1927, na injini za dizeli zikafungwa miaka ya 1970. Kazi ya mafundi kabla ya meli kuzama ndiyo iliyookoa mitambo hiyo. Nawe ukiiweka boti yako kando kwa miezi kadhaa, badilisha oili kwanza, jaza tangi, na paka grisi palipo wazi.

Kabla ya kutoa pesa

1. Fika injini ikiwa ya baridi. Ukikuta imeshawashwa, rudi siku nyingine. Injini iliyochoka hujificha ikiwa na moto, na hujionyesha asubuhi ya baridi.
2. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili nyeusi ni kawaida kwa dizeli. Oili yenye rangi ya maziwa imeingiliwa na maji: huenda gasketi imekufa au kichwa cha silinda kina ufa.
3. Ijaribu majini ikiwa na mzigo. Injini inayonguruma vizuri ufukweni inaweza kushindwa ikianza kusukuma boti.
4. Andika jina na namba zilizo kwenye kibao cha injini, kisha ulizia Kigoma kama nozeli, ringi na gasketi zake zinapatikana. Injini isiyo na spea ni chuma chakavu, hata ikiwaka.

Kumbuka pia kwamba ziwa liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kidogo, hivyo injini isiyo na turbo haitoi nguvu yote iliyoandikwa kwenye kibao. Usipakie kwa kufuata kibao.

Soma moshi

- *Mweusi*: dizeli ni nyingi kuliko hewa. Kagua chujio la hewa, nozeli na uzito wa mzigo.
- *Wa bluu*: injini inakula oili. Ringi au valvu zimechoka.
- *Mweupe*: wakati wa kuwasha ni kawaida. Usipokoma injini ikishapata moto, dizeli haiungui vizuri au maji yanaingia kwenye silinda.

Maji ya kupooza

Mashine ya kusaga hupozwa na pipa la maji unaloliona. Kwenye boti nyingi pampu huvuta maji ya ziwa na kuyatoa nje kwa bomba. Kila ukiwasha, chungulia bomba hilo. Maji yakipungua, zima haraka: nyasi au mfuko wa plastiki huenda umeziba tundu la kuvutia. Pampu yenye impela ya mpira (gurudumu dogo linalosukuma maji) huharibika ikizunguka bila maji hata kwa muda mfupi, kwa hiyo safiri na impela ya akiba.

Dizeli safi, kisha kutoa upepo

Dizeli ya dumu hubeba maji na uchafu. Iache itulie, imimine kupitia kitambaa safi, na uache ile iliyo chini kabisa ya dumu. Jaza tangi jioni, kwa sababu katika tangi tupu unyevu wa usiku hugeuka matone.

Injini ikizimika kwa kuishiwa dizeli, hewa imeingia kwenye mabomba. Itoe hivi:

1. Jaza tangi, kisha legeza skrubu ya juu ya filta.
2. Piga pampu ya mkono hadi dizeli itoke bila povu. Kaza.
3. Rudia kwenye pampu ya dizeli.
4. Legeza nati za mabomba ya nozeli, zungusha injini hadi dizeli ichuruzike, kaza, kisha washa.

Tahadhari: usiweke kiganja mbele ya nozeli inayopuliza. Dizeli yenye mgandamizo huo hupenya ngozi. Ikitokea, nenda hospitali mara moja, hata kama kidonda ni kidogo.

Usalama wa watu na ziwa

Mashine ya kusaga ikizimika, wateja hurudi kesho. Boti ikizimika, upepo unaisukuma utakako wenyewe, na kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini huwa mkali. Beba makasia, nanga na maboya ya kutosha watu wote, na hakikisha chombo kimesajiliwa na kukaguliwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC).

Oili chakavu weka kwenye dumu, uirudishe nchi kavu. Watu wa mwambao wanakunywa maji ya ziwa hili.

Daftari la injini

Nunua daftari moja. Andika saa za kazi, tarehe ya kubadilisha oili na filta, na kila dalili mpya. Badilisha oili kwa saa zilizoandikwa kwenye kitabu cha injini. Kama hakipo, saa 100 ni kipimo salama kwa injini nyingi za zamani. Fundi atasoma daftari hilo kabla ya kushika spana, na siku ukiuza boti, mkabidhi mnunuzi daftari pamoja na funguo.