Jino Bovu na Khatari ya Kuliacha

Jua, ewe ndugu yangu, Mwenyezi Mungu atuwafikie sisi na wewe, kwamba maumivu ya jino yana tabia moja iwadanganyayo watu wengi. Huanza kwa maji baridi na vitu vitamu, kisha huwa makali usiku hata mtu asilale, kisha baada ya siku kadha wa kadha hukatika ghafula. Hapo mwenyewe humshukuru Mola wake, akasema amepona, akaenda shambani. Naye hakupona. Kilichonyamaza ni mshipa wa hisia uliomo ndani ya jino: umekufa, na maiti hasemi. Ama uozo uliouua ungali humo, nao washuka.

Sharhi yake ni hii. Jino kwa nje ni gumu kuliko mfupa, lakini ndani yake mna uwazi mwembamba wenye nyama laini, damu na hisia, nao wateremka katika mizizi hata ncha zake zilizozama katika taya. Vijidudu vya kinywani hula sukari ya chakula chetu, vikatoa maji makali yalayo jino hata likatoboka. Vikiisha kufika ndani, nyama ile huoza, na usaha hukusanyika penye ncha ya mzizi. Usaha hutafuta njia. Ukipata kutoboa ufizi, mtu huona kijipu kijacho na kwenda, hukipasua kwa ulimi, na huweza kukaa nacho miaka. Usipoipata njia hiyo, huingia katika nyama za uso na shingo, na hapo ndipo jambo dogo ligeukapo kuwa jambo la roho.

Khatari iliyo kubwa i katika magego ya chini, khasa ya mwisho. Mizizi yake hupita chini ya ule msuli uliotandikwa kama jamvi chini ya ulimi. Basi usaha utokao hapo hauonekani kinywani, bali huingia chini ya taya, ukaenea pande zote mbili. Shingo huwa ngumu kama ubao, ulimi huinuka ukasukumwa nyuma, mate hayamezeki, na pumzi huziba. Tabibu wa Kijerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, aliyaeleza maradhi haya katika mwaka 1836, na hata leo yaitwa kwa jina lake. Kabla ya kupatikana penisilini, zaidi ya nusu ya walioshikwa nayo walikufa. Usaha huo huweza pia kushuka hata kifuani ulipo moyo. Ule wa meno ya juu huweza kupanda penye jicho, na mara chache hata ubongoni. Na mwenye maradhi ya kisukari ndiye wa kwanza kuonywa, kwani kwake usaha huenda mbio.

Sasa tutazame tuyafanyayo. Mtu hutia karafuu, na karafuu kweli hutuliza, maana mafuta yake yana ganzi. Lakini kutuliza si kutibu. Mwingine hutia tumbaku. Mwingine huweka aspirini juu ya ufizi, ikamchoma, akawa na maradhi mawili. Mwingine hununua dawa ya vijidudu dukani, akameza siku mbili, na uvimbe ulipopungua akaweka zilizobaki kwa siku nyingine. Huyu hajui ya kuwa jino lililokufa halina damu, na dawa hupelekwa na damu. Basi kiota cha vijidudu husalia vilevile, mpaka jino litibiwe ndani yake au ling'olewe.

Tena iko kauli isikikayo sana barazani, kwamba jino lililovimba haling'olewi mpaka uvimbe ushuke. Kauli hii imedhuru watu. Asili yake ni kwamba ganzi haishiki vyema penye usaha, na pengine kinywa hakifunguki. Kwa hiyo huenda tabibu akapasua kwanza, akatoa usaha, na jino likang'olewa siku ya pili. Lakini hilo ni la tabibu kuamua baada ya kumwona mgonjwa, si la mgonjwa kujiamulia kitandani. Wengine hutaja fulani aliyeng'oa jino akafa. Waulizeni, aliugua siku ngapi kabla hajaenda? Mara nyingi koleo hubebeshwa lawama ya siku za kungoja.

Wala haimaanishi kila jino liumalo ling'olewe. Abul-Qasim az-Zahrawi, tabibu wa Andalusi aliyekufa karibu na mwaka 1013, ameonya katika kitabu chake At-Tasrif kwamba maumivu humdanganya mgonjwa, akaonyesha jino zima, likang'olewa, na bovu likabaki.

Dalili zisizongoja asubuhi ni hizi: uvimbe chini ya taya au karibu na jicho, kinywa kisichofunguka kwa upana wa vidole viwili, mate yasiyomezeka, sauti iliyobadilika, homa ya kutetemeka, na pumzi izibayo mtu alalapo. Mgonjwa huyo asilazwe chali, akalishwe, apelekwe. Aliye Kwamndolwa ana hospitali ya Magunga hapo Korogwe, na akihitaji zaidi yuko Bombo, Tanga, mwendo wa kilomita zipatazo 100. Mwendo huo ni mrefu kwa mtu ambaye koo lake linafunga.

Limebaki suala la Ramadhani, maana wako wanaume wanaongoja Idi hali taya imevimba. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, kung'oa jino hakufunguzi saumu, wala sindano ya ganzi katika ufizi; kifunguzacho ni kumeza damu au dawa kwa makusudi, basi ateme na ajihadhari. Na mgonjwa aogopaye madhara ana rukhsa kufungua ili anywe dawa kwa saa zake, kisha alipe siku hizo. Akiogopa kufa, kufungua kwake ni wajibu, si rukhsa tena. Wallahu aalam.