Kijana Anapotaka Jeshi: Achague Lipi, na Aanzie Wapi?

Kila mwaka mitihani ya kidato cha sita inapomalizika, ndugu mwananchi, vijana wa kata zetu huulizana jeshi gani ni bora: la nchi kavu, la wanamaji au la anga. Swali hilo ni zuri, ila linawahi mno. Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), lililoundwa tarehe 1 Septemba 1964, lina kamandi hizo zote tatu, lakini huandikisha askari kwa jeshi zima. Kijana huomba JWTZ. Kupangwa katika vifaru, katika meli Kigamboni au katika kikosi cha anga Ngerengere hufuata baada ya mafunzo, kwa mahitaji ya jeshi na ujuzi alionao. Kwa sababu hiyo, mwenye ndoto ya ndege ajishughulishe na fizikia, hisabati na ufundi, kwani ujuzi ndio utakaomsemea.

Uamuzi ulio mikononi mwa kijana ni mwingine, nao ni wa mpangilio. Matangazo ya JWTZ ya miaka ya karibuni yameweka sharti kwamba mwombaji asiwe amewahi kutumikia Polisi, Magereza, Chuo cha Mafunzo wala KMKM. Maana yake ni kwamba anayeingia Polisi kwa nia ya "kujishikiza" huku akingoja JWTZ anaweza kuwa amejifungia mlango mwenyewe. Polisi, Magereza, Uhamiaji, na Zimamoto na Uokoaji vyote vipo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na kila chombo kina kazi na masharti yake. Kuzima moto si kulinda wafungwa, na kukagua pasipoti mpakani si doria ya usiku. Kijana aulize kazi yenyewe kabla ya kuuliza sare.

Kwa wengi safari huanzia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), lililoanzishwa tarehe 10 Julai 1963. Hapa watu huchanganya mambo mawili. Wahitimu wa kidato cha sita huitwa kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliosimamishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013. Majina hutangazwa pamoja na kambi ya kuripoti: Ruvu, Mafinga, Makutupora, Bulombora, Oljoro na nyinginezo. Wenye ulemavu wa kuonekana wamekuwa wakielekezwa Ruvu, ambako kuna miundombinu ya kuwahudumia, hivyo mzazi asimfiche mtoto nyumbani. Kundi la pili ni la kujitolea, ambalo hutumikia miaka miwili. Maombi yake huratibiwa na ofisi za wakuu wa mikoa na wilaya, mahali anapoishi mwombaji.

JKT yenyewe hueleza katika matangazo yake kwamba haitoi ajira wala haimtafutii kijana ajira. Humpa mafunzo yatakayomwezesha kujiajiri. Tunalirudia jambo hili kwa makusudi, kwa kuwa ndipo matapeli wanapopenyea. Hutokea mtu mwenye simu mbili na maneno matamu, akadai ana "nafasi tatu zimebaki", na mzazi akauza ng'ombe. Nafasi za JKT na za majeshi haziuzwi. Anayeombwa fedha asitume hata senti, atunze ujumbe na namba aliyopigiwa, kisha atoe taarifa polisi au TAKUKURU.

Maandalizi mengine ni ya nyumbani. Mazoezi ya kukimbia yaanze sasa, si wiki ya kuripoti. Mwenye maradhi ya muda mrefu apate kwanza ushauri wa daktari, tena awe mkweli kwa wapimaji.

Kubwa zaidi ni nyaraka: cheti halisi cha kuzaliwa, vyeti vya shule na namba ya NIDA. Barua ya utambulisho hutolewa na mtendaji wa kijiji au mtaa wako. Linganisha majina herufi kwa herufi. Cheti cha kuzaliwa kikisema Athumani na cha shule kikisema Othman, anza marekebisho leo, kwa kuwa muda wa maombi huwa mfupi na marekebisho ya majina hayaishi kwa siku mbili.