Mtu Mzima Arudipo Darasani



Mwezi huu na tujifunze habari za mtu mzima aliyekosa shule utotoni, naye sasa atamani kusoma.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Siku moja katika mafundisho nalikipitisha Kitabu mkono kwa mkono, kila mtu asome mstari mmoja. Kilipomfikia mama mmoja, aliinamisha kichwa akanyamaza. Sikutambua upesi, nikamhimiza asome. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile ya pili. Nikaenda kwake kumwomba radhi. Akaniambia, "Baba Mchungaji, si kwamba sitaki kusoma; naona haya mbele ya watoto wangu." Ndipo nilipojua ya kuwa herufi si ngumu kama haya ilivyo ngumu.

Sasa tumtazame mzee Kimani Maruge wa Kenya. Utotoni hakupata shule. Serikali ya Kenya ilifuta ada ya shule za msingi mwaka 2003. Naye mwezi wa Januari 2004, akiwa na umri wa miaka 84, aliingia darasa la kwanza huko Eldoret, amevaa sare kama watoto, suruali fupi na soksi ndefu. Wajukuu wake wawili walisoma shuleni humo humo. Alitaka kuhesabu fedha zake, tena kuisoma Biblia mwenyewe, ajue kama yahubiriwayo ndiyo yaliyoandikwa. Ghasia za mwaka 2008 zilimhamisha akakaa kambini, walakini hakuacha kwenda shule. Alifariki mwaka 2009, kabla ya kumaliza darasa la saba.

Katika habari hii twapata mafundisho matatu.

Kwanza, alikubali kuketi pamoja na wadogo. Umri haukumpunguzia heshima, ulimwongezea.

Pili, alijua haja yake. Basi, mwalimu, muulize mwanafunzi wako: Wataka kusoma nini? Barua ya mwanao? Maandishi ya chupa ya dawa? Mizani ya mnunuzi wa kahawa? Anzia hapo.

Tatu, alifunguliwa mlango. Mwalimu mkuu angaliweza kumrudisha nyumbani, lakini alimpokea. Milango mingine iko wazi hata sasa. Hapa Tanzania, aliyemaliza darasa la saba asipate sekondari aweza kujiandaa kwa Mtihani wa Maarifa, kisha mtihani wa kidato cha nne. Na tangu Novemba 2021 binti aliyeacha masomo kwa sababu ya ujauzito ameruhusiwa kurudi shuleni. Tuwaambie habari hizi, wala tusiwanong'one.

Yule mama alirudi, lakini si kwa maneno yangu. Mama wenzake watatu walikubali kujifunza pamoja naye siku ya Alhamisi, baada ya kazi za shamba. Leo asoma polepole, kidole chini ya neno. Nami sikipitishi tena Kitabu mkono kwa mkono, nauliza tu, "Nani apenda kutusomea?" Siku moja mkono ulioinuliwa ulikuwa wake.

Maswali ya kujadiliana:

1. Katika usharika wetu, ni desturi gani zinazomwaibisha asiyejua kusoma?
2. Ni nani kati yetu awezaye kutoa saa moja kwa juma amfundishe mwenzake?
3. Je, tunao mabinti walioacha shule? Nani atakwenda kuwaona?